Mchele Uliolala Juu ya Moshi

Usevya, Mpimbwe
11 Agosti 1974

Dada Romana wa Ulaya,

Shikamoo, ingawa ukirudi utakuta nimekupita urefu na itabidi tukae kikao tuamue nani amwamkie nani. Barua hii naandika mwenyewe, hakuna mtu aliyenisahihishia. Wale waliosema Telesphor aliacha shule darasa la tano kwa sababu ya ubongo, waje waione. Niliacha kwa sababu mwalimu alikuwa ananionea wivu.

Habari kubwa ni kwamba tumehama. Siku hizi hatukai tena kule bondeni na vyura. Tuko kijijini, nyumba zimepangwa mstari kama askari, barabara imepita mbele ya mlango, na lori la Mpanda likipita mimi ndiye wa kwanza kumeza vumbi lake. Usidhani ni wewe peke yako uliyefika mjini. Shamba la mpunga limebaki kule kule, mwendo wa asubuhi nzima, lakini miguu ya kwetu unaijua.

Mavuno usiulize. Ghala limejaa mpaka panya wameota vitambi. Ukisikia wanasema nchi ina ukame, ujue ni huko kwa wenzetu. Mpimbwe neno hilo hatujui hata linaandikwaje.

Na mdogo wetu Josefina usingemtambua. Ulimwacha mgongoni kwa mama, amekunjamana kama kinda la njiwa. Sasa amekuwa Mzungu. Nywele zimegeuka nyekundu, laini, hazitaki hata kitana. Tumbo limejaa kama ngoma ya Pasaka. Miguu imenona, ukibonyeza, kidole kinaacha shimo kama umebonyeza donge la ugali. Na adabu amepata: halii, hasumbui mtu, anakaa tu penye joto. Mimi namwita Sista Mkuu.

Baba anakusalimu. Mama kila nikimwuliza nikuandikie nini, anasema neno moja tu: mwambie ale. Basi kula.

Nitumie suruali ya bugaluu. Kiuno wastani, urefu wa mwanamume.

Ni mimi,
Telesphor Gaspar, mwandishi mkuu wa ukoo


Plovdiv, Bulgaria
9 Septemba 1974

Mdogo wangu Telesphor,

Marahaba, na kikao hicho hutakishinda. Barua yako nimeicheka mpaka Donatille, ninayelala naye chumba kimoja, akataka asomewe. Yeye ni wa Rumonge, Burundi, Kiswahili anakijua vizuri. Kwao hakuna tena mtu wa kumwandikia, tangu mauaji ya mwaka wa sabini na mbili. Kwa hiyo barua za kwetu tunazisoma wawili.

Sasa nisikilize, maana nina shida na nyie ndio wa kunitoa. Mwisho wa Novemba hapa chuoni kwetu, chuo cha wauguzi, kuna jioni ya mataifa. Kila mwanafunzi mgeni anapika chakula cha kwao, meza zinaunganishwa, watu wanazunguka na sahani wakionjana. Kuna Wavietinamu, Wacuba, Wasiria, Wakongo. Mwaka jana sikuwa na kitu. Nilichemsha viazi na kabichi za dukani, nikachomeka juu yake bendera ndogo ya Tanzania. Vikabaki vyote. Msiria mmoja, mtu mpole tu, wala hakuwa ananidhihaki, akaniuliza, kwenu hasa mnakula nini? Sufuria lile nikalirudisha chumbani kama lilivyotoka, bendera ikiwa imelala upande.

Umeniambia ghala limejaa. Bila hivyo nisingethubutu kufungua mdomo. Naomba mchele wa kwetu, ule unaonukia mpaka kwa jirani, wa kutosha sufuria moja kubwa. Na asali ya Ugalla kidogo kama ipo. Kuna kijana anaitwa Stanslaus, mtoto wa mzee Manyanda wa Ilembo pale Mpanda, wale wenye ng'ombe. Amepata nafasi ya masomo huku, anaondoka mwezi wa kumi. Mpelekee yeye.

Mwambie mama nakula, ila mkate umenichosha. Na huyo Josefina nywele nyekundu kazitoa wapi? Labda ni jua. Mbusu kwa niaba yangu.

Dada yako,
Romana


Usevya
14 Oktoba 1974

Dada,

Shikamoo. Kazi uliyotuma imekwisha. Ukimtuma Telesphor umetuma jeshi.

Barua yako niliwasomea jioni. Baba aliondoka hata kabla sijafika kwenye Msiria, aliitwa kwenye mkutano kwa balozi wa nyumba kumi. Kwa hiyo habari ya mchele aliisikia mama peke yake. Nilidhani hajaelewa, nikataka kurudia. Akasema, "Aliye mbali akiomba chakula cha kwao akanyimwa, miguu yake husahau njia." Halafu akaniambia nishike ngazi. Akapanda mwenyewe kuushusha.

Kuutwanga tulikwenda kuutwangia kule shamba la zamani, kinu nikakibeba mimi begani njia nzima. Nikamwuliza mama, kwani tunamwibia nani mpaka tukimbilie porini? Akanipa kofi. Kofi la mama halijapungua nguvu, mshukuru Mungu. Akaupepeta mwenyewe.

Nikapanda lori. Pale Sitalike tukasimama kutazama viboko. Mto umepungua kidogo, kwa hiyo wamelala kila mmoja juu ya mgongo wa mwenzake kwenye tope kama abiria. Watu ndani ya lori walikuwa wanasikitika, mimi nikawaambia viboko wanapendana. Ilembo nilipokewa kama waziri. Mama yake Stanslaus, Nyanzala, akanipa maziwa ya mgando, nikanywa, akaongeza, nikanywa, akaongeza tena. Akaniuliza kwetu kuna nini. Nikamwambia kwetu tumekinai nyama, tunakosa cha kuteremshia. Stanslaus ni mrefu lakini hana maneno. Usimpende.

Asali sikutuma, nyuki wa Ugalla wamegoma mwaka huu. Mchele ukiunusa ukakuta una moshi kidogo, usishangae, ndiyo manukato ya Mpimbwe, Wazungu watalia. Na ukiandika, usimtajie baba habari ya mchele. Mama amesema hivyo mara mbili. Ni mambo ya wanawake, mimi mwenyewe nimeingizwa kwa sababu ya ngazi.

Josefina mzima. Amezidi kutulia.

Suruali usisahau.

Telesphor Gaspar, mtume wa mchele


Plovdiv
1 Desemba 1974

Telesphor,

Jioni ya mataifa ilikuwa jana. Nikueleze kwanza ilivyokuwa nzuri, maana nikianzia mwisho sitaweza kurudi mwanzo.

Mchele niliumwaga juu ya meza nikauchambua kama mama alivyonifundisha, chuya huku, mawe kule. Mawe hayakuwapo kabisa. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana mchele wa kula haukosi mawe, lakini nilikuwa na haraka. Zile chuya, zenye maganda yake, nikazisukumia kwenye kikopo cha majani ya chai. Nikapika. Stanslaus akabeba sufuria, tukaliweka kati ya maharage meusi ya Wacuba na samaki wa Wavietinamu. Harufu ikawaita watu wenyewe. Yule Msiria alirudi na sahani mara ya pili, akasema mchele huu una moshi ndani yake, mnaufanyaje? Nikajigamba kama wewe. Nikamwambia ni siri ya kwetu. Walikwangua mpaka ukoko.

Donatille alikuja mwisho, alikuwa anawapakulia watu maharage yake ya mawese. Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna. Akanishika mkono tukatoka mpaka kwenye ngazi.

"Romana, hii ni mbegu."

Nikamwambia hapana, kwetu ghala limejaa.

"Mchele wa ghalani haunuki hivi. Huu umelala juu ya moshi. Kwetu walipokuja askari, mama alikimbia na mbegu, vyombo akaviacha."

Ndipo nikakiona akilini kilindo, lile pipa letu la gome la mti, kiko juu ya kichanja, moshi wa mafigani unakipita chini mwaka mzima wadudu wasiingie. Baba alituambia tangu tukiwa wadogo: hiki si chakula, hata tukifa. Na mimi nimekipakua kwa watu wasiojua hata Mpanda iko wapi, nikawauliza kama chumvi imekolea.

Nikarudi chumbani, nikazitoa barua zako, nikaisoma upya ile ya Agosti. Telesphor, nywele nyekundu zile si uzuri. Miguu inayoacha shimo haijanona, imejaa maji. Tumbo lile si la shibe. Ni ugonjwa wa kukosa chakula, tumefundishwa mwezi uliopita, upo kitabuni na picha yake, na mtoto wa kwenye picha naye amekaa tu, halii. Mtoto mwenye njaa akiacha kulia ndipo uogope. Mpelekeni hospitali ya misheni leo. Usingoje lori, mbebe. Apewe maziwa, maharage yaliyopondwa, karanga, dagaa; unga mtupu haumsaidii. Kama hamna, nenda kwa wafugaji ukaombe maziwa. Waambie kweli kwamba hamna.

Chuya nimezitoa kwenye kikopo nikazipangusa. Zina maganda, zinaweza kuota. Nimezikunja humu ndani. Hazijai hata kiganja, ndizo zilizobaki.

Niandikie kweli. Usinichekeshe.

Romana


Usevya
23 Desemba 1974

Dada Romana,

Shikamoo. Barua yako haijafika, nadhani bado unakula.

Huku mvua imenyesha. Imekuja kwa fujo kama mlevi aliyechelewa harusini. Baba alitoka nje akasimama humo humo bila kofia. Mimi baba bila kofia sijawahi kumwona. Kulipokucha akasema leteni ngazi. Nikamwambia ngazi imeliwa na mchwa. Akapanda juu ya kinu.

Sasa nikwambie ukweli kidogo, ila usizoee. Mchele ule haukutoka ghalani. Ghala tuliliacha bondeni na halikuwa na kitu, hata hao panya wenye vitambi niliwatunga. Ulitoka kwenye kilindo. Mama aliacha tabaka ya mpunga juu, chini tukajaza pumba kilindo kisiwe chepesi. Kushindilia nilishindilia mimi, na nilijisifu nimeshindilia vizuri. Nilisema moyoni, mvua yenyewe iko wapi? Jua lilivyokuwa limekaa, ungedhani limehamia kijijini pamoja na sisi.

Baba alikibeba kichwani mpaka shambani. Njia nzima nilitafuta ujanja, mimi, Telesphor, nikakosa. Akamwaga ile tabaka ya juu kitaluni, akatia mkono tena. Mkono ukakaa humo ndani. Halafu akakipindua, pumba zikaelea juu ya maji. Balozi alikuwapo, na Bartolomeo jirani yetu na wanawe, wote waliona. Baba hakumpiga mama. Afadhali angempiga, au anipige mimi, mgongo ninao. Alimwuliza tu, "Nani amekula?"

Mama akasema, "Romana."

Baba akaokota kofia yake akarudi nyumbani peke yake. Tangu siku ile hasemi na sisi. Akitaka maji anamwambia Josefina, mwambie mama yako nataka maji, na Josefina hajibu, basi mama anayaleta.

Tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Si mbaya, unajaza. Habari ya ghala nilikudanganya, lakini kubali nilidanganya vizuri. Baba alikataza aliye mbali asiandikiwe njaa, na mimi nisipoandika njaa naandika nini? Ikabidi nijisifu.

Josefina amekuwa mvivu siku hizi. Mchana kutwa amelala pale mafigani chini ya kichanja. Ngozi ya miguu inambanduka kama nyoka, nadhani anakua. Krismasi nitamtafutia pipi.

Telesphor


Plovdiv
20 Januari 1975

Telesphor,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako ya Desemba imefika leo.

Sina la kumwuliza mama, wala baba. "Nani amekula?" "Romana." Mama alijibu sawasawa.

Kama ngozi inabanduka, hakuna cha kungoja hata saa moja. Lakini naandika hivi nikijua barua inatembea mwezi mzima. Nimekaa hapa na kitabu kinachosema la kufanya, na aliye na mtoto ni wewe.

Niandikie neno moja tu kuhusu Josefina. Hata kama ni lile.

Donatille anasema niache kwenda kutazama barua kila siku. Yeye amejifunza kukaa bila barua. Mimi sijui.

Romana


Usevya
22 Juni 1975

Dada,

Shikamoo. Nimekaa muda mrefu sijakuandikia. Mwandishi hakuwa na cha kujisifia, na bila hicho kumbe hajui barua inaanzia wapi.

Neno ni lile. Josefina alifariki siku ya Krismasi, watu wakiwa wanatoka kanisani. Barua yako yenye chuya ilikuja Januari. Pipi nilikuwa nimeipata, nikaiweka naye.

Nilikuwa nambonyeza miguu, dada. Nilikuwa nawaita watoto wa Bartolomeo waje waone shimo, tunacheka. Hilo usinijibu.

Barua yako niliwasomea wote wawili. Nilitaka kuruka mahali, sikuruka. Baba alisikiliza amegeukia ukuta. Mama alisikiliza mpaka pale uliposema mtoto mwenye njaa akiacha kulia ndipo uogope. Akasema, "Romana aliomba. Josefina hakuomba."

Basi.

Na mimi nimekuwa nafikiria kitu kimoja. Mchana kutwa alikuwa analala chini ya kile kilindo, tangu Agosti, tangu kilipokuwa kimejaa. Tulikuwa tunasema anapenda joto.

Chuya baba alizifungua kwenye karatasi yako akazinusa. Ule mpunga aliomwaga siku ile, maji yalikuwa yameusomba wote. Akamtazama mama, akamwambia, "Zipande wewe." Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Shambani hatukwenda, ni mbali, nani angelinda? Mama akazipanda pale kisimani, kwenye tope la maji yanayomwagika watu wakichota. Baba akazungushia miiba. Mimi nikapewa kombeo. Hapo nijisifu kidogo: hakuna ndege aliyeonja. Tangu zilipochanua mpaka zikaiva nilishinda pale, watu wakija kuchota wananicheka, kijana mzima analinda bustani ya ukubwa wa mkeka.

Wiki hii tumevuna. Mpunga umejaa kofia ya baba, na kofia ya baba unaijua, si kubwa. Bartolomeo alikuja akasema tupike angalau kijiko, tumkumbuke marehemu. Mama akautia kwenye kilindo kile kile, akapanda, na baba ndiye aliyeshika ngazi. Uko juu ya moshi sasa. Chini yake halali mtu.

Nilipomwuliza mama nikuandikie nini, safari hii hakusema "mwambie ale". Amesema Novemba inakuja na meza zenu zitaunganishwa tena. Ukitaka kuomba, omba, mpunga ule atautwanga, usije ukasahau njia. Hayo ni maneno yake, nimeyaandika yalivyo, sikuongeza kitu.

La kwangu ni moja. Dada, usiombe.

Telesphor